Kitufe cha Mabwana Wawili

Jumatatu, saa nne asubuhi, Wilbert alibonyeza F9 na kila kitu kikamkimbia.

Hakuna neno jingine la kusema. Jeneza la Mzee Ebenezeri lilikuwa pale kwenye skrini, limezungukwa na mashada, na chini yake mstari wa vipande vya picha alivyokuwa anaviunga tangu alipofika kazini. Alitaka kuchomeka kipande kimoja tu, wanakwaya wakifuta machozi, katikati ya sala ya mchungaji. Kazi ya kidole kimoja, na ameifanya mara elfu. Kidole kilikwenda chenyewe, kama mkono unavyojua njia ya kinywa, na papo hapo madirisha yote ya programu yakasinyaa, yakarudi nyuma, yakajipanga madogo madogo kama sahani kichanjani. Jeneza likawa dogo kuliko kibiriti.

Akabonyeza tena. Madirisha yakarudi mahali pake, makubwa kama mwanzo, lakini wanakwaya hawakuwa wamechomekwa popote.

Akajaribu F10, ambayo kazi yake ni kufunika, yaani kulaza kipande kipya juu ya cha zamani. Madirisha mengine yakasinyaa, mengine yakaingia giza. Akajaribu F11. Hapo programu nzima ikatimka, ikajificha kwenye kingo za skrini, na mbele yake ukabaki uwanja mtupu wa buluu.

Wilbert akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani na kuitazama. Wa kushoto ulikuwa unatetemeka, ila huo hutetemeka siku zote tangu Mei.

Habari ya Mei waliijua watu watatu: yeye, mkewe Eunike, na daktari. Alikuwa amepanda Marangu kupogoa mibuni kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Akakaa chini apumzike, akashindwa kuinuka, na alipotaka kumwita jirani mdomo ukaenda upande. Kufikia jioni mwili ulikuwa umerudi, karibu wote. Daktari alimwambia kilikuwa kiharusi kidogo, na kwamba kidogo hutangulia kikubwa, au hufuatwa na vidogo vingine vinavyokula akili polepole. "Siku utakayoona unafanya jambo jingine huku unadhani unafanya lile ulilokusudia," alisema, "usingoje. Uje." Studio aliwaambia ni malaria. Malaria nchi hii imebebeshwa dhambi za magonjwa yote, na hakuna anayeuliza mara mbili.

Sasa, mwezi Januari wa mwaka 2004, lile jambo la daktari lilikuwa limekaa mbele yake, kidole hiki na kitufe kile. Alikusudia kuchomeka. Alifanya jambo jingine. Hata sura ya madirisha aliiona ngeni asubuhi ile, ya kijivujivu kama bati jipya, akajiambia ni macho. Mtu akishaamua kwamba yeye ndiye mgonjwa, hata ukuta ukipakwa rangi mpya atasema ni macho yake.

Studio ile ilikuwa ghorofani, mtaa wa nyuma ya soko la Moshi. Ilianzishwa na marehemu Mohan kwa picha za pasipoti, na alipofariki ikabaki mikononi mwa mkewe, Mama Saroj. Wilbert alianza mwaka 1985, akiosha filamu kwenye chumba cha giza. Zikaja kanda za video na deki mbili zinazotazamana, akazijua. Miaka minne iliyopita ikaja kompyuta, na watu walidhani hapo ndipo mzee atakapokwama, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji na mashine ile haikujua lugha nyingine. Hakukwama. Alimwomba Mohan amwonyeshe vitufe, si maneno. F9 kuchomeka, F10 kufunika, F11 kubadilisha. Akavikariri kwa vidole, kama mpiga kinanda kanisani anavyokariri tenzi, na ndani ya mwaka mmoja hapakuwa na mtu kuanzia Himo hadi Kwa Sadala aliyehariri harusi au mazishi kumzidi. Hilo ndilo alilokuwa nalo duniani la kujivunia. Hakuwa mtu wa mali wala wa maneno. Alikuwa na vidole.

Na kazi iliyokuwa mezani haikuwa ya kuchezea. Ijumaa ya wiki iliyotangulia alikuja mjukuu wa marehemu, kijana mrefu mwenye tai nyeusi, akakaa mbele ya Wilbert na bahasha ya picha za zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Mzee, ndugu wote waliotoka Dar wanaondoka Jumapili ya wiki ijayo. Jumamosi jioni tunataka tukae pale Mwika, tuitazame pamoja, na Bibi awepo. Siku ya mazishi Bibi hakuona kitu. Alikuwa amefunikwa khanga analia tu. Amesema anataka kumwona mumewe, Meku, akizikwa, ndipo aamini."

Wilbert akachukua karatasi aandike jina la mteja.

"Ebenezeri Basili," kijana akasema.

"Hilo la marehemu. Nakuuliza la kwako."

Kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndilo hilo hilo, mzee. Meku ni Ebenezeri wa Basili. Akamzaa baba yangu, akamwita Basili. Baba akanizaa mimi."

Wilbert naye akatabasamu, kwa kuwa hata kwake ni vivyo hivyo. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake mzaa baba, na jina huzunguka ndani ya ukoo kama kibuyu cha mbege, kila mmoja akinywa na kumpasia mwenzake. Waliagana vizuri.

Basi Jumatatu hiyo, baada ya madirisha kumkimbia, Wilbert hakumwambia mtu. Alianza kuhariri kwa kutumia mausi, akiburuta kipande kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, polepole, kama mtu anayehamisha mawe. Kazi ya dakika moja ikawa ya robo saa. Kila mara kidole kilisahau, kikaruka chenyewe kwenda F9, na kila mara vile visahani vikajipanga upya kumdhihaki. Odilia, binti aliyekaa kaunta kuandika majina na risiti, alimpelekea chai saa tano akaikuta saa nane imeganda utando.

"Mzee, unaumwa?"

"Kichwa kidogo tu. Nenda mwanangu, wateja wanakungoja."

Nyumbani Majengo jioni ile alijipima. Alitaja miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Alitaja watoto wa kaka zake wote kwa majina. Alifunga vifungo vya shati akavifungua. Eunike alimtazama kutoka jikoni, akaacha kumenya ndizi.

"Kimerudi?"

"Hapana."

"Wilbert."

"Nimekwambia hapana. Najikumbusha tu majina."

Hofu yake haikuwa kufa. Alikuwa mtu wa kanisa, na kufa amekuona kwingi kupitia ile skrini. Hofu yake ilikuwa baba yake. Mzee yule alimaliza miaka sita ya mwisho akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mwili mzima, akili imeondoka. Alimwita Wilbert kwa jina la ndugu aliyekufa zamani za Mjerumani, akamsimulia Wilbert habari za Wilbert, akisema ana mtoto mwema sana mjini, hajui kwa nini haji kumwona. Wilbert alikuwa akimsikiliza huku anamlisha mtori, kijiko kwa kijiko. Hilo ndilo alilomwomba Mungu amwepushe nalo, na sasa aliamini hakusikilizwa.

Jumanne ikapita hivyo. Jumatano ikapita hivyo. Alhamisi asubuhi alikuwa amefika nusu ya kazi, na Mama Saroj akaingia chumbani kwake.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Moshi kabisa kwa sababu hapo ndipo alipozaliwa. Alivuta kiti.

"Bwana Wilbert, Odilia ananiambia hunywi chai. Na mimi naona kanda ya watu wa Mwika haijaisha. Miaka kumi na tisa hujawahi kuchelewesha maiti ya mtu. Kuna nini?"

Wilbert alikuwa ameandaa uongo wa kichwa kuuma. Badala yake, alipofungua mdomo, ilitoka kweli yote, kuanzia mibuni ya Marangu hadi vidole. Alisema bila kumtazama. Alisema ni vizuri atafute mtu mwingine, kwa kuwa yeye sasa anabonyeza asichokusudia, na kesho atafunika sura ya bibi harusi wa watu kwa jeneza.

Mama Saroj alivua miwani. Alipozungumza alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na machozi.

"Miezi minane umenificha. Mohan naye alinificha. Kila siku ananiambia ni gesi, ni gesi, mpaka nikamkuta sakafuni chumba kile pale. Nyie wanaume mnadhani mkinyamaza ugonjwa utaona haya uondoke? Mficha maradhi, kifo humuumbua." Akafuta miwani. "Haya, nionyeshe. Kitufe gani?"

"Hiki. Mimi nikikibonyeza, kila kitu kinakimbia."

Mama Saroj hakujua kuhariri hata kidogo. Alinyoosha kidole chake kinene chenye pete, akakishusha juu ya F9.

Madirisha yakasinyaa, yakajipanga.

Akabonyeza tena, yakarudi. Akabonyeza F11, programu ikatimka. Akakaa akiutazama uwanja wa buluu, halafu akamgeukia Wilbert.

"Na mimi nimepata kiharusi?"

Siku tatu nzima Wilbert hakuwahi kuwaza jambo hilo jepesi, kumwita mtu mwingine abonyeze. Lakini ni nani anayemwita mwenzake aje amthibitishie kwamba anaharibikiwa?

"Ngoja," Mama Saroj akasema polepole. "Jumamosi. Nikunj."

Nikunj alikuwa mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta Nairobi, aliyekuja kula sikukuu na shangazi. Jumamosi, studio ikiwa imefungwa, alikaa kwenye mashine hii kwa muda wa saa mbili, kisha akasema ameisafisha na kuiwekea mfumo mpya. Mama Saroj alimshukuru kama unavyomshukuru mtu aliyekufutia vumbi, na hakuona haja ya kumwambia yeyote.

Wakampigia. Simu ikawekwa mezani, sauti juu, na Odilia akaitwa kwa kuwa ndiye mwenye Kiingereza cha kidato cha sita.

"Ai, pole sana mzee," Nikunj akasema kwa Kiswahili chake cha Nairobi. "Hiyo makosa ni yangu. Mfumo mpya imechukua hizo vitufe tatu, F9, F10, F11, inatumia kutawanya madirisha. Na programu yako ya kuediti pia inazitaka. Sasa ukifinya, mfumo ndiyo inasikia kwanza. Programu haifikiwi kabisa. Hata haijui umefinya."

"Fahali wawili zizi moja," Mama Saroj akasema.

"Ndiyo hivyo, Auntie. Lazima mmoja atoke."

Akawaelekeza. Fungua mipangilio ya mfumo, pale juu kushoto. Tafuta sehemu ya vitufe. Odilia akasoma, Wilbert akashika mausi. Palikuwa na visanduku vitatu, kimoja kwa kila kitufe, na ndani ya kila kimoja orodha ndefu. "Shuka mpaka chini," Nikunj akasema, "chagua kile kistari kitupu. Zote tatu. Maanake ni mfumo hautaki tena hizo vitufe." Wilbert akachagua kistari cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akafunga. Akafungua kazi ya Mzee Ebenezeri, akachukua wanakwaya wanaofuta machozi, akasimamisha mstari katikati ya sala, akaweka kidole juu ya F9. Alikichelewesha hapo kidogo.

Wanakwaya wakaingia mahali pao. Sala ikapisha, ikaendelea mbele yao.

Wilbert akainama juu ya kibodi akalia. Hakuona aibu. Odilia alitoka akajifanya anatafuta kanda, na Mama Saroj akamwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mazishi ya Mohan.

"Lakini hospitali utakwenda," akasema.

"Mama, si umeona mwenyewe ni mashine?"

"Nimeona."

"Basi."

Mama Saroj alitaka kusema zaidi, ila furaha ya mtu ni ngumu kuikatiza, akaiacha.

Mchana ule Wilbert alifanya kazi ya siku tatu. Vidole vilikuwa vimerudishiwa nyumba yao. Alichomeka, alifunika, alibadilisha, na kwa mara ya kwanza tangu Mei alijisikia akiimba kwa sauti ya chini, besi ya wimbo ule ule wa kwaya uliokuwa kwenye skrini. Alishusha jeneza kaburini katikati ya migomba, akaita koo moja moja ziweke mashada, akamweka Bibi chini ya khanga yake kwa muda unaostahili. Mwisho kabisa akatengeneza mwanzo: sura ya marehemu, jina chini yake, na miaka yake. Akaondoka saa kumi na mbili, na nyumbani akala sahani mbili za kiburu. Eunike alimsikiliza akisimulia habari ya fahali wawili, akacheka naye, kisha akaenda nje akasimama peke yake akimshukuru Mungu.

Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu ya Odilia kuikagua kanda, kama ilivyokuwa desturi, kutazama tahajia za majina kabla haijatoka. Mlima ulikuwa wazi dirishani, theluji yote nje. Alibonyeza kuanza. Sekunde chache baadaye alisimamisha, akarudisha, akatazama tena.

"Mzee Wilbert," akaita. "Njoo kidogo."

Wilbert akaja na kikombe cha chai mkononi.

Kwenye skrini yalikuwa maandishi aliyoyachagua mwenyewe, meupe, ya heshima: *Marehemu Mzee Ebenezeri Basili, 1917–2003.* Juu ya maandishi hayo palikuwa na kijana mrefu mwenye tai nyeusi, mdomo wazi kidogo, akisoma wasifu wa babu yake.

Wilbert aliweka kikombe mezani. Aliona kitu ambacho kila Mchaga angekiona. Jumamosi jioni, sebuleni Mwika, mbele ya ukoo mzima, bibi mmoja angefunua khanga yake amtazame mumewe na kumkuta mjukuu wake ametangazwa maiti. Kumzika mtu aliye hai si kosa la kucheka. Kuna nyumba zisingelala.

"Majina yao ni mamoja, mzee," Odilia akasema haraka. "Mpiga picha wetu, yule Januari, aliandika vipande vyote viwili Ebenezeri Basili. Tazama. Kile cha jubilei ya babu, na hiki. Yeyote angekosea." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Au ni ule mfumo wa Nikunj. Labda haujakaa sawa."

Alikuwa binti mwema, na ulikuwa uongo mwema. Wilbert alikaa, akachukua kibodi.

"Jina ni moja," akasema. "Sura si moja. Huyu kijana alikaa hapo ulipokaa, nikaongea naye. Jana nilimweka hapa, nikamtazama muda mrefu, nikapanga maandishi yasimguse kidevu. Nilikuwa namwona mzee."

Odilia akashika mdomo.

Wilbert akatafuta kile kipande kingine. Mzee Ebenezeri alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake siku ya jubilei ya ndoa, koti kubwa, kofia magotini, anacheka na mtu asiyeonekana. Wilbert hakuamini macho yake mwenyewe.

"Nani huyu?" akamuuliza Odilia.

"Babu."

"Una hakika?"

"Ni babu, mzee."

Akabonyeza F10. Kitufe kikatii mara moja. Babu akalala juu ya mjukuu, akamfunika, jina na miaka vikabaki chini yake mahali pake. Wakaitazama kanda nzima pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho, saa moja na dakika ishirini, na kila alipotokea mtu Wilbert alimuuliza binti ni nani, na binti akamwambia. Halikupatikana kosa lingine. Akamwachia Odilia aiweke kwenye kasha na kuandika.

Kisha akaosha kikombe, akavaa koti lake, akaenda ofisini kwa Mama Saroj. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anasoma barua, miwani puani, na alipomwona na koti asubuhi ile akaiweka barua chini.

"Mama," Wilbert akasema, "ya wiki hii ilikuwa mashine. Ya jana jioni ni mimi."

Mama Saroj alivuta kiti cha pembeni, akakigeuza kimwelekee, akangoja akae.